Uso wa Kijiti

Mguu alifunga. Mkono alifunga, bega, kifundo, hata shingo ya mchukuzi aliyeangukiwa na kreti la chupa. Uso hakuugusa. Miaka yote tuliyomjua akifanya kazi katika chumba cha plasta pale hospitali, mgonjwa akiletwa kavunjika taya, Fundi aliweka chini beseni lake, akafuta mikono kwa taulo, akatoka kwenda kumwita mwenzake. Madaktari wapya walidhani ni kiburi. Wa zamani waliwaambia, "Mwacheni. Hapo ndipo mwisho wake."

Yeye mwenyewe hakueleza. Alikuwa mtu wa mizaha, si wa maelezo. Ukiingia chumbani kwake unalia kwa maumivu, atakwambia, "Haya, lete huo mguu. Wewe mwenyewe ukipenda baki nje." Atapaka mafuta kwanza, taratibu, kama anayempaka mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kisha atatumbukiza bandeji yenye unga wa jasi katika maji ya vuguvugu, ataikamua, ataizungusha. Halafu atakuonya: "Sasa itapata moto kidogo. Usiogope, ni plasta inageuka jiwe." Mwisho atagonga kwa ukucha, tiki, tiki, huku ametega sikio kama anayebisha hodi. Ikiitika vizuri, kazi imekwisha.

Sasa Mungu amemwita, naye ameitika. Tumemlaza kando ya kaburi dogo ambalo wageni waliokuja mazikoni walidhani ni la mtoto. Mmoja alimuuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Kumbe Fundi alifiwa na kichanga?" Si kichanga. Ni la mdogo wake, aliyekufa mtu mzima, mrefu kuliko yeye. Kisa cha kaburi hilo tulikisikia nyumbani vipande vipande, kila kipande siku yake, na sasa inafaa kisimuliwe kizima.

Walikuwa wawili tu, tumbo moja, baba mmoja. Baba yao alifariki wakati mdogo bado anatambaa, na mama yao akawalea kwa kufua mashuka ya hospitali. Ndiyo maana Fundi alikulia pale. Alianza kwa kuchota maji ya chumba cha plasta, akaishia kuwa ndiye anayejua unga unataka maji kiasi gani siku ya mvua na siku ya jua.

Mdogo aliitwa Kijiti. Hakuzaliwa hivyo, alizaliwa na mashavu. Lakini kabla hajaota meno alishikwa na homa ndefu iliyomkausha, na tangu hapo nyama haikukubali kumkaa. Alikula vizuri tu, akala hata sahani ya kaka yake akizubaa, lakini mashavu yalibaki yameingia ndani na macho yakabaki makubwa. Watu wakacheka, jina likashika. Ila huyo Kijiti ndiye aliyekuwa akipanda na ndoo mbili za maji mpaka wodi za juu bila kutua, na akifika anaimba. Mama alikuwa akisema, "Huyu alipigana na homa hana hata jino mdomoni. Homa ndiyo iliyochoka."

Basi akaja Bwana Kipimo.

Jina hilo walimpa wafanyakazi. Alikuwa msomi aliyetoka mbali, mpole, mwenye miwani ya duara na koleo refu la chuma lililojipinda kama pembe za ng'ombe. Kwa koleo hilo alipima vichwa vya watu: upana wa paji, urefu wa taya, nafasi kati ya macho. Serikali ilimpa chumba kikubwa nyuma ya hospitali, na seremala akamjengea rafu toka sakafuni mpaka darini. Alisema watu wa dunia ni kama wanyama wa porini. Kuna aina zilizoumbwa kutawala, na kuna aina zilizoumbwa kupisha. Mwenye nguvu atakula, mnyonge ataisha, na anayemhurumia mnyonge anaizuia kazi ya maumbile. Vita, alisema, ni chekecheo: unga unabaki, pumba zinapeperuka.

Fundi alipomsimulia mama yake maneno hayo, mama alisimama na shuka mkononi, maji yakimchuruzika mpaka viwikoni.

"Nani kamwambia Mungu anachekecha watu?"

"Ndivyo walivyosoma, mama."

"Basi wamesoma wakiwa wameshiba."

Bwana Kipimo alitaka nyuso za plasta, ili kila aina ya watu iwe na mfano wake kwenye rafu, na daktari mkuu akampa Fundi amtengenezee. Fundi alifurahi, tusifiche. Alipewa koti jeupe lenye vifungo, na watu waliokuwa wakimwita "wewe wa beseni" wakaanza kumwita Fundi. Tatizo lilikuwa moja: hakuna aliyekubali kulala akafunikwa uso. Watu waliitwa, wakaja, wakaona beseni, wakakumbuka shughuli nyumbani. Mpishi wa hospitali aliuliza waziwazi, "Ukizibwa uso kwa jiwe, roho ikitaka kutoka itapitia wapi?"

Kijiti akatokea na ndoo zake, akazitua.

"Nianze mimi. Nisipoamka, nyie mtajua la kufanya."

"Tufanye nini?"

"Mkimbie."

Wakacheka. Akavua shati, akalala chali juu ya meza ileile ya kufungia miguu, na nusu ya wafanyakazi wamejazana mlangoni. Fundi akampaka mafuta uso mzima, akayapitisha vizuri kwenye nyusi na kope ili plasta isije ikang'oa nywele. Akamtia mirija miwili puani ya kupumulia. Akaanza na paji, akashuka mashavuni, na alipofika karibu na mdomo akainama akamnong'oneza:

"Sasa tulia. Pumua kwa pua. Ukinifia hapa, mama atasema nimekuua."

Kijiti akataka kucheka. Alijizuia kwa nguvu zake zote, tumbo likimtikisika, lakini pembe ya kushoto ya mdomo ilikuwa imekwisha kupanda, na plasta ikaiwahi hapohapo. Walipolibandua ganda na kulimwagia jasi jipya ndani, uso uliotoka ulikuwa na macho yaliyofumba kama mtu aliyelala na kikunjo kidogo pembeni mwa mdomo, kama mtu aliyelala anayejifanya hakusikia.

"Umeniharibia kazi," Fundi alisema.

"Nimekutengenezea. Hizo nyingine zote zitakuwa za maiti."

Na kweli, zilifuata nyingi na hakuna uliofikia ule. Ulionekana hai.

Bwana Kipimo aliwapima ndugu wote wawili kwa koleo lake. Fundi alikuwa mnene wa shingo, taya pana. Akasemwa ni wa rafu ya juu, watu wa vita. Uso wa Kijiti ukawekwa rafu ya chini kabisa, ya watu wa kupisha. Fundi akadhani amechanganya.

"Bwana, huyu ni ndugu yangu."

Bwana Kipimo akatabasamu. Alikuwa amekaa nchini siku za kutosha kujivunia kwamba anazijua desturi. "Ninyi kila mtu mnamwita ndugu."

"Huyu ni wa tumbo moja."

"Na hilo pia mnalisema," alijibu kwa upole, akarudi kwenye koleo lake.

Fundi hakubishana. Aliona ni mambo ya wasomi, hayaendi popote. Nyumbani wakayafanya utani. Wakikaa kula, Kijiti anasema, "Mheshimiwa wa rafu ya juu, nisogezee chumvi," naye Fundi anajibu, "Chukua mwenyewe, upesi, kabla hujaisha." Mama alikuwa hacheki. Aliwaambia waache kuichezea riziki ya Mungu, na utani ukahamia nje, uani, ambako hakusikia.

Siku moja Bwana Kipimo aliingia na kuuliza, "Katika hizi za chini, ipi ndiyo kazi yako bora?"

Fundi hakufikiri mara mbili. Aliuteremsha uso wa mdogo wake, akaupangusa vumbi kwa mkono wa koti.

"Huu."

"Nifanyie nakala nyingine kutoka katika ganda lake. Zitasafiri."

Fundi akarudi na habari hiyo nyumbani kama mtu aliyeshinda mashindano. "Uso wako utapanda treni!" Kijiti akajitazama kwenye kioo kilichopasuka cha mlangoni, akageuza shavu huku na huku. "Wameona uzuri," akasema. Fundi alizitengeneza nakala zile kwa mapenzi. Alipiga msasa kingo, alizigonga kwa ukucha moja moja. Hakuuliza zinakwenda kufanya nini. Alidhani kitu kikifanywa vizuri kitatumika vizuri.

Kisha vita ikaja.

Wazee wanaoikumbuka husema haikuja ghafla, ilisemwa kwanza. Magazetini ilisemwa kwamba taifa lisilopigana huoza. Barazani wakubwa walisema damu ya wenye nguvu inahitaji nafasi. Maneno yaliyokuwa ya Bwana Kipimo na koleo lake yakawa maneno ya wanasiasa, kisha ya makamanda, mpaka wauza magazeti wakawa wanayapigia kelele njiani. Na ng'ambo ya mpaka, upande wa maadui, maneno yalikuwa yaleyale. Kila taifa lilijiweka rafu ya juu, na kila taifa lilimwona jirani yake pumba.

Kukusanya watu kulifanyika kwenye ghala la reli. Kijiti alikamatwa barabarani akiwa amebeba kikapu cha mashuka ya mama yake. Yaliyotokea mle ndani tumeyapata kwa mshona viatu, jirani yao, aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni.

Kulikuwa na meza, na afisa nyuma yake. Upande wa kulia wa meza ulikaa uso mmoja wa plasta, wenye taya pana: waliofanana nao walikuwa askari, wanapewa buti, blanketi na posho kamili ya chakula. Upande wa kushoto ulikaa uso mwingine: waliofanana nao walikuwa wapagazi, wa kubeba mizigo ya askari kwa nusu posho, bila blanketi. Uso ule wa kushoto ulikuwa na kikunjo pembeni mwa mdomo.

Afisa aliuangalia uso, akamwangalia Kijiti, akauangalia uso tena.

Kijiti akasema, "Bwana mkubwa, kama huyo mmekwisha kumchukua, mimi si nirudi nyumbani? Tusiende wote wawili, mama atabaki na nani?"

Watu wakaangua kicheko. Afisa naye alicheka, mshona viatu anakumbuka meno yake. Kisha akaonyesha kidole kushoto.

Kikapu kilirudishwa nyumbani na mpita njia. Mama alikipeleka moja kwa moja hospitali, akakitua mbele ya Fundi, mashuka yakiwa na alama za viatu. "Mdogo wako kachukuliwa. Wanasema ni kwa ule uso ulioutengeneza. Nenda kwa bwana wako."

Fundi alikwenda mbio, koti jeupe likipepea. Alimkuta Bwana Kipimo akinywa chai. Alikaribishwa kiti, hakuketi.

"Bwana, wamemchukua ndugu yangu kuwa mpagazi. Neno lako moja linatosha. Waambie uso si mtu. Alikuwa na homa utotoni, ndiyo maana yuko vile."

Bwana Kipimo alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. "Kama ana nguvu, atarudi," alisema. "Asiporudi, si mimi wala wewe tulioamua. Ni maumbile."

"Posho yao ni nusu, bwana. Mtu abebe mzigo kwa nusu ya chakula?"

"Aina yake imezoea kula kidogo. Wakati wa vita, kumshibisha mnyonge ni kumnyang'anya mwenye nguvu." Akasita, akaongeza kwa sauti ya mtu anayetaka kufariji: "Wewe huna haja ya kuogopa. Wewe hutaguswa. Hospitali inakuhitaji."

Fundi alikuwa na ngumi mbili zenye kujua uzito wa plasta. Hakuzitumia. Alisema, "Asante, bwana," kwa sababu ndivyo mdomo wake ulivyozoea, akatoka. Asante hiyo ilimtesa kuliko mambo mengi. Katika ugonjwa wake wa mwisho aliitaja, akageukia ukutani.

Vita ilikwenda, ikarudi, ikazunguka. Majeruhi walijaa mpaka kwenye korido, na Fundi alifunga miguu ya askari wa rafu ya juu, waliokuwa wakilia wanawaita mama zao kama watu wengine wote. Mama alifua mashuka yao. Kila alipomaliza kuanika alisimama langoni kidogo, mkono juu ya macho, halafu akarudi ndani.

Aliyerudi ni mshona viatu. Alikuwa amebaki ngozi na mifupa, na alipopiga hodi mama hakumtambua. Akakaribishwa, akapewa maji. Aliyanywa yote kabla ya kusema.

"Alibeba wake na wangu, mama. Mguu wangu ulikuwa umeoza, akaniambia nisitue, wakiniona nimetua watanipiga. Akauchukua mzigo wangu akauweka juu ya wake. Akawa ananichekesha tuendelee kutembea. Anasema, mimi kwetu nina kaka wa rafu ya juu, tukirudi atatulisha wote. Kisha posho ikawa nusu ya ile nusu. Mvua haikatiki. Akashikwa na tumbo. Alipoketi chini hakuinuka tena."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. Mama alikuwa ameketi, mikono yake iliyochubuliwa na sabuni imetulia mapajani. Aliuliza jambo moja tu.

"Nani alimwosha?"

Mshona viatu akaangalia chini. "Tuliamriwa tuendelee kutembea, mama. Nilimfunika uso kwa kofia yangu. Sikupata nafasi ya zaidi ya hapo."

"Mungu akulipe kwa kofia," mama alisema. Hakulia, hakuvua kilemba, hakukubali watu waje kumpa pole. Wanawake wa jirani walipokuja aliwarudisha kwa upole kutoka mlangoni. "Bado," aliwaambia. "Mwanangu hajaoshwa. Nitakaaje msibani na mwanangu hajaoshwa?" Na Fundi alipotoka kwenda kazini alimwambia, "Uliutengeneza uso wake. Niletee. Nitaosha hicho kilichopo."

Chumba cha Bwana Kipimo kilikuwa kimefagiliwa. Alikwisha kwenda zake, na nyuso na maganda yake yalikuwa yamefungwa kwenye nyasi kavu na kusafirishwa. Rafu zilikuwa tupu, toka juu mpaka chini, na kwa mara ya kwanza Fundi aliona kwamba ni mbao za aina moja.

Akaenda ghala la reli. Palikuwa pamerudi kuwa ghala, magunia mpaka juu, wachukuzi wakipigana vijembe. Akamweleza mtunza ghala anachokitafuta, naye akakuna kichwa.

"Uso? Uso wa nini? Aaa, ule wa chokaa! Si huo hapo, unatuzuilia mlango."

Ulikuwa sakafuni, umelala ubavu, umesukumwa chini ya mlango mzito usijifunge kwa upepo. Ncha ya pua ilikuwa imemeguka. Kikunjo cha mdomo kilikuwapo.

"Nauomba," Fundi alisema.

"Chukua tu, bwana. Nitaweka tofali."

Ilikuwa rahisi hivyo. Fundi alivua koti jeupe, akauzungushia, akaubeba kifuani kama unavyobeba mtoto aliyesinzia, akapita nao katikati ya mji mchana kweupe. Aliowakuta njiani walimpisha bila kujua kwa nini.

Mama alikuwa amekwisha kutayarisha. Aliketi uani kwenye kigoda, mbele yake beseni la maji safi, sabuni mpya na kitambaa cheupe kilichokunjwa. Akaupokea uso, akauweka mapajani. Hakusema ni wa plasta, hakusema ni mzito. Alitaja jina la Mungu, akalitaja na jina alilompa mwanawe siku ya kuzaliwa, jina ambalo hakuna aliyelitumia tena baada ya homa, akaanza kuosha. Paji kwanza. Macho, moja moja. Nyuma ya masikio, ambako hakukuwa na masikio, mkono wake ulikwenda wenyewe. Jasi lililainika juu kidogo, na maji ya beseni yakawa meupe kama maziwa.

Fundi alikuwa amepiga magoti pembeni, ameshika kopo la kumiminia. Aliomba kimoyomoyo mama asifike mdomoni. Lakini uso ni mdogo, hauna njia ya kuzunguka.

Kidole cha mama kikasimama kwenye kikunjo. Kikapita juu yake, kikarudi.

"Mbona anacheka?"

"Nilimwambia neno la utani, mama. Nikiwa namfunika."

"Neno gani?"

Fundi akamimina maji ingawa hakuambiwa amimine. Angeweza kutunga neno jingine; alikuwa bingwa wa kutunga. Alifungua mdomo ukakataa, akaufungua tena.

"Nilimwambia atulie, apumue kwa pua. Nikasema, ukinifia hapa, mama atasema nimekuua."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kidevu cha plasta mpaka kwenye beseni. Mama hakuinua macho. Alipaka sabuni kitambaani, akakirudisha mdomoni, akaisafisha ile pembe ya kushoto polepole, mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema:

"Mimi sijasema."

Akanyoosha mkono wake uliolowa kwa mwanawe aliyebaki, bila kumtazama.

"Nipe taulo. Tumkaushe kabla upepo haujampiga."